Jaza Amwita Pima

Mhandisi Wilfrido Cañete alirudi San Onofre akiwa na vyeti vitatu, miwani mipya, na habari kwamba mji wote umelala. Na kweli ulikuwa umelala, kwa kuwa aliteremka kwenye basi saa saba mchana mwezi wa Januari, wakati Paraguai nzima iko kitandani na hata mbwa wamejichimbia chini ya mikokoteni. Lakini yeye alikusudia usingizi wa akili. Mjomba wake, don Milcíades Ovelar, mwenyekiti wa Kamati ya Maji kwa mwaka wa kumi na tisa mfululizo, alimsikiliza kwa unyenyekevu ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuona kwake. Wiki hiyohiyo akatangaza kwamba pampu ya mji itaendeshwa na kompyuta, kwamba programu itaandikwa na mpwa wake, na kwamba kuanzia Machi watumishi wote wa kamati watasoma kozi ya kuandika programu, Jumamosi kumi, katika ukumbi wa parokia, ili wasije wakaiaibisha mashine.

Watumishi wote wa kamati walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Nidia Benegas, katibu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, ambaye kazi yake kwa mujibu wa barua ya ajira ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao. Kwa mujibu wa maisha, kazi yake ilikuwa kupokea simu, kusikiliza matusi ya waliokosa maji, kuandika majibu ya heshima kwa matusi hayo, kufagia ofisi, na kumkumbusha mwenyekiti alichokisema jana. Wa pili alikuwa Eleuterio Franco, mwendesha pampu, ambaye mji mzima ulimwita don Lute. Kila alfajiri, kwa miaka ishirini na miwili, don Lute aliwasha pampu, akangoja, akapanda ngazi ya mnara wa tangi pale uwanjani mbele ya kanisa, akachungulia, akashuka, akazima. Yeye alilazimishwa kuhudhuria kozi ili akifahamu vizuri kitu kitakachomfukuza kazi.

"Wamenifanyia hisani kubwa," alimwambia Nidia siku ya kwanza, akimpokeza kikombe cha terere, chai baridi ya majani yenye barafu. "Ng'ombe wangu nilimpeleka machinjioni bila hata kumtambulisha kwa mchinjaji. Mimi nimepewa na masomo."

"Na cheti mwishoni, don Lute."

"Aa, cheti! Nitakitundika juu ya kitanda, nikiwa sina pa kwenda asubuhi nipate cha kusoma."

Darasani walikuwamo pia watu wengine wanane, waliovutiwa na sayansi na hasa na feni ya ukumbi. Wilfrido aliwafundisha akiwa amewapa mgongo. Alizungumza na ubao, na ubao ulionekana kumwelewa.

Lakini Nidia, pasipo mtu kutarajia na yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kutarajia, alianza kuipenda kozi. Jumamosi ya nne mhandisi alifundisha kwamba unaweza kuchukua maagizo kadhaa, ukayafunga pamoja, ukayapa jina, na tangu hapo ukilitaja jina tu, maagizo yote yanatekelezwa. Hiyo, akasema, ndiyo funksheni. Na funksheni moja inaweza kuiita nyingine. Iliyoitwa inafanya yake, ikimaliza, ile iliyoita inaendelea palepale ilipokuwa imesimama.

Nidia alifikiria barua zake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika maneno yaleyale, "Kamati imepokea malalamiko yako kwa uzito mkubwa," mara elfu ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Akaandika funksheni akaiita salamu. Akaandika ya pili akaiita kwaheri. Kisha akaandika ya tatu, barua, ambayo iliita salamu, ikaeleza kwamba bomba limepasuka, ikaita kwaheri. Akabonyeza. Barua nzima ikajiandika kwenye skrini, na uzito mkubwa ukiwa mahali pake. Kisha akabadili neno moja tu ndani ya salamu, akaweka "uzito wa kawaida," akabonyeza tena, na barua ikabadilika yenyewe. Alicheka peke yake mpaka mfamasia aliyeketi nyuma yake akauliza kama feni imemgusa.

Usiku ule hakulala vizuri kwa furaha. Wiki iliyofuata alikuja na daftari lake mwenyewe.

Jumamosi ya saba Wilfrido hakufundisha kitu. Aliwaonyesha. Alitupa ukutani, kwa mwanga wa projekta ya katekesi, programu ya pampu, fahari ya San Onofre, naye akasimama kando yake kama bwana harusi. Ilikuwa fupi ajabu. Kulikuwa na funksheni inayoitwa jaza: washa pampu, ita pima, zima pampu. Na kulikuwa na funksheni inayoitwa pima: soma kiwango cha maji tangini, na kikiwa chini ya tisini kwa mia, ita jaza. Basi. Kila alfajiri saa kumi na mbili kompyuta itaita jaza, na mji utakunywa.

"Umaridadi," alisema Wilfrido, "ni ufupi."

Nidia alinakili yote daftarini, akaanza kuifuata kwa ncha ya penseli, mstari kwa mstari, kama alivyofuata barua yake. Penseli ikashuka, ikaruka, ikashuka, ikaruka. Akainua mkono.

"Mhandisi, samahani. Jaza anamngoja Pima amalize, ndipo azime pampu. Sivyo?"

"Ndivyo, Ña Nidia," alisema, kwa jina la heshima waitwalo wanawake watu wazima.

"Lakini Pima akikuta maji machache, anamwita Jaza. Kabla hajamaliza."

"Bila shaka. Maji ni machache, lazima yajazwe."

"Na huyo Jaza naye anamwita Pima. Maji bado ni machache, maana ndiyo kwanza tumewasha. Basi Pima anamwita Jaza tena." Akaangalia ncha ya penseli. "Sasa humu ndani nani anamaliza?"

Wilfrido alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Alikuwa na namna ya kutabasamu iliyomfanya mtu ajihisi amevaa nguo kinyume.

"Ña Nidia, hiyo ndiyo inayoitwa otomatiki. Kompyuta haichoki kuitwa. Anayechoka ni wewe, na una haki, kwa umri."

Darasa likacheka, kwa adabu, kama watu wanaojua kwamba mwenyekiti ndiye huwafungia watu maji.

"Na isitoshe," akaongeza, "nimeijaribu mara kumi na nne. Kumi na nne! Kila mara pampu imewaka, imepima, imezima. Wewe umeijaribu mara ngapi kwa penseli?"

"Mara moja," alisema Nidia.

"Basi."

Akafunga daftari. Uso ulikuwa ukimchoma hadi masikioni. Alikuwa amezoea kudharauliwa ofisini, ile ilikuwa sehemu ya kazi, lakini hapa alikuwa ameingia kwa hiari yake, na kile kitu alikipenda, na ndiyo maana aliumia. Walipotoka, don Lute alitembea naye hadi kona ya duka la mikate.

"Mimi sikuelewa hata neno moja," alisema. "Lakini yule kijana alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi."

Uzinduzi uliwekwa siku ya mtakatifu wa mji, Jumamosi moja katikati ya Juni. Kwa kuwa watu walitakiwa waone kwa macho yao maji yakipanda, don Lute aliamriwa asiwashe pampu alfajiri ile. Ilikuwa alfajiri ya kwanza katika miaka ishirini na miwili aliyoamka bila sababu. Swichi yake ya mkono Wilfrido alikwisha kuing'oa tangu jana yake kwa bisibisi, akisema kwamba mfumo wa kisasa hauwezi kuachiwa mikononi mwa watu, kisha akamkabidhi ndani ya mfuko wa plastiki, awe na ukumbusho.

Siku hiyo upepo wa kusini ulikuwa umeshuka, wenye baridi ya kuuma mifupa. Hata hivyo uwanja ulijaa. Viti vya parokia vilipangwa chini ya mnara wa tangi, mahali pa heshima: mstari wa mbele padri, wajumbe watano wa kamati na wake zao, na bendi ya matarumbeta ya wazimamoto wa kujitolea. Don Milcíades alivaa suti ya rangi ya maziwa aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Juu ya meza yenye kitambaa cha bendera ilikaa kompyuta, na nyuma yake skrini kubwa ya kukodi iliyoonyesha namba moja tu: 31, asilimia ya maji tangini.

Nidia alipewa kiti pembeni ya meza, ili aandike kumbukumbu.

Mwenyekiti akabonyeza. Kule kwenye kibanda pampu ikanguruma, watu wakapiga makofi, bendi ikapiga kitu kilichofanana na wimbo wa taifa. Na kwenye skrini kubwa, kabla makofi hayajakolea, maandishi mekundu yakaanza kumwagika, mistari juu ya mistari, jaza, pima, jaza, pima, mamia kwa mamia, kisha yakakwama. Mstari wa mwisho ulieleza, kwa lugha kavu ya mashine, kwamba hizi mbili zimeitana kupita kiasi na kwamba programu imesimama.

Wilfrido alirukia mbele ya skrini, akaifunika kwa mgongo wake.

"Imekufa," Nidia alimnong'oneza.

"Haijafa. Inafikiri."

"Mhandisi, imekufa kabla ya kufika kwenye zima. Pampu imebaki imewaka na hakuna wa kuizima."

"Ña Nidia, andika kumbukumbu zako."

Akaizima skrini, akawatangazia watu kwamba kuanzia sasa mfumo unafanya kazi kimyakimya, na akampa mjomba wake kipaza sauti.

Don Milcíades hakuwa na hotuba fupi. Alianza na mababu waliochimba kisima cha kwanza, akapita kwa vita viwili, akafika kwa baba yake mzazi, na kila alipokaribia mwisho alikumbuka kushukuru mtu. Pampu iliendelea kunguruma. Don Lute, aliyeketishwa mstari wa mwisho, hakuwa akisikiliza hotuba hata kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameelekeza sikio kibandani, na kila baada ya muda alitazama mnara. Tangi likijaa, mlio wa pampu hubadilika, huwa mzito kidogo, kama mtu anayepanda kilima. Katika mji wote alikuwa peke yake aliyeujua mlio huo.

"...kwa sababu maji," alisema don Milcíades baada ya saa moja na robo, akiinua mikono mbinguni, "maji ni baraka inayotoka juu!"

Na yakaja.

Kwanza yaliteremka kwa upole, pazia jembamba kutoka ukingoni mwa tangi, na watu, ambao hawakuwahi kuona uzinduzi wa kisasa, walidhani ni sehemu ya sherehe. Wakapiga makofi. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Tena! Tena!" Kisha yakaja yote kwa mkupuo. Bendi ilijaribu kuendelea, kwa kuwa wazimamoto ni watu wa wajibu, hadi tarumbeta kubwa kuliko zote ilipojaa na mwenyewe akalazimika kuiinamisha kama birika. Padri alijikuta amebarikiwa kuliko alivyopenda. Suti ya rangi ya maziwa ilishikamana na mwenyekiti ikaonyesha wazi kwamba ndani amevaa kaptula yenye maua.

"Wilfrido!" alinguruma don Milcíades.

"Sekunde moja, mjomba!"

Wilfrido alikuwa akiandika kitu, akifuta, akiandika tena, maji yakimchuruzika kwenye miwani. Alimpigia simu rafiki yake wa Asunción. Rafiki hakupokea, maana ilikuwa sikukuu na yeye alikuwa mtu mwenye akili.

Don Lute akasimama. Hakukimbia. Alipita nyuma ya viti, akavuka barabara hadi kwenye nguzo yenye kisanduku cha umeme wa kibanda, akakifungua, akavuta mkono wa chuma chini. Pampu ikakata pumzi. Ikabaki sauti ya matone na ya meno ya wake wa wajumbe yakigongana.

Pengine mambo yangeishia hapo kwa shukrani. Lakini umeme uliporudishwa, Wilfrido aliiwasha programu yake upya mbele ya wote waliobaki. Tangi lilikuwa limejaa pomoni. Jaza akawasha pampu, akamwita Pima, Pima akasoma mia kwa mia, hakuwa na sababu ya kumwita mtu, Jaza akazima. Safi kabisa, kama saa ya ukutani.

"Mnaona?" alisema, akitetemeka kwa baridi na kwa ushindi. "Programu haina kosa. Kosa ni umeme. Na umeme, sote tumeona, nani ameugusa."

Jumatatu asubuhi don Milcíades, pua nyekundu, shingo imefungwa skafu, alimsomea Nidia kumbukumbu za uzinduzi ili aandike.

"Andika: hitilafu ndogo ilitokea kutokana na kuingilia kati kwa mtumishi mmoja mwenye kinyongo na maendeleo. Andika: mtumishi huyo amesimamishwa kazi."

"Don Milcíades, maji yalimwagika kwanza, halafu ndipo akasimama. Mimi nilikuwepo. Na wewe ulikuwepo, ulikuwa chini yake."

"Nidia, mwanamke mwema. Kazi yako ni kuandika nilichosema."

Akaandika. Mkono wake uliandika vizuri kama siku zote, na alipomaliza alienda chooni akajifungia, akajiosha uso mara mbili. Don Lute alikuja mchana kurudisha funguo za kibanda. Aliziweka mezani moja baada ya nyingine, akieleza ipi ni ya mlango, ipi ya kisanduku, ipi haifungui chochote lakini asiitupe.

"Usilie, Ña Nidia," alisema. "Si nina cheti."

"Silii. Don Lute, niambie kitu kimoja. Yule alipokuwa akiijaribu programu, zile mara kumi na nne, alikuja saa ngapi?"

"Huyo? Saa tatu, saa nne. Kwani anaamka kabla ya hapo?"

"Na wewe ulikuwa umeshajaza."

"Tangu saa kumi na mbili. Lilikuwa limejaa mpaka juu kila..."

Hakuelewa mambo ya funksheni, lakini hili alilielewa. Wakatazamana.

"Mama yangu wee," alisema don Lute polepole. "Kumbe nilikuwa namfanyia kazi yake ya nyumbani."

Wakati huohuo mfumo uliendelea kuuhudumia mji. Kila saa kumi na mbili alfajiri kompyuta iliita jaza, mbili zile zikaitana hadi kufa, pampu ikabaki imewaka, na ifikapo saa tatu uwanja ukawa ziwa. Jumapili mwenyekiti alisema mfumo unazoea. Jumatatu alisema ni jambo la kawaida kwa teknolojia changa. Jumanne, kenge mmoja alionekana akiogelea mbele ya kanisa, na mwenyekiti hakusema kitu. Wilfrido alihamia kibandani na godoro. Alijiwekea kengele ya saa, akawa anaamka gizani, anapanda ngazi ya mnara akishikilia vyuma kwa mikono miwili, anachungulia tangi, anashuka, na likijaa anaiwasha programu upya ili izime. Kwa maneno mengine, baada ya vyeti vitatu mhandisi alikuwa amepata kazi ya don Lute, na aliifanya kwa kuchelewa.

Jumatano kikaitishwa kikao cha dharura. Wajumbe watano walikuja na viatu vya mpira. Wilfrido, macho mekundu, aliwaeleza kwa nusu saa kuhusu kasi ya kichakata na unyevu wa hewa. Alipotulia ili kunywa maji, Nidia aliweka kalamu chini.

"Naomba nafasi, mwenyekiti."

Katibu hakuwahi kuomba nafasi tangu kamati iundwe. Mshangao wenyewe ulimpa ruhusa.

Alitoa daftarini karatasi mbili alizokwisha kuandika kwa herufi kubwa. Moja akampa don Milcíades, nyingine Wilfrido. Ya mwenyekiti ilisema: "Simama. Sema 'Wilfrido, pima!' Akikujibu kwamba amemaliza, kaa." Ya mpwa ilisema: "Tazama glasi ya maji mezani. Ikiwa imejaa, sema 'nimemaliza.' Ikiwa haijajaa, mwambie mwenyekiti 'Mjomba, jaza!' na umngoje amalize." Glasi iliyokuwa mezani ilikuwa na maji nusu.

"Ni michezo gani hii?" alisema mwenyekiti.

"Ni programu ya mhandisi, neno kwa neno. Someni tu kilichoandikwa, msiongeze kitu. Kompyuta haiongezi kitu."

Mjumbe mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye ghala lake lilikuwa limeingia maji hadi magotini, alisema: "Someni."

Don Milcíades akasimama. "Wilfrido, pima."

Wilfrido akatazama glasi. Alikuwa wa kwanza kuelewa, na rangi ikamtoka, lakini mwenye duka alikuwa akimkazia macho. "Mjomba, jaza."

Mwenyekiti akatazama karatasi yake. "Nimeshasimama."

"Anza tena juu," alisema Nidia. "Umeitwa upya."

"Wilfrido, pima!"

"Mjomba, jaza."

"Wilfrido, pima!"

"Mjomba, jaza."

"Wilfrido, pima, na useme umemaliza!"

"Hiyo haimo kwenye karatasi," alisema mwenye duka.

Walikwenda hivyo kwa dakika nne. Mafua ya mwenyekiti yakampanda kooni, sauti ikageuka mlio wa bata. Mjumbe mzee kuliko wote alikuwa akifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Mara ya thelathini na kitu don Milcíades alijitupa kitini bila kuambiwa na mtu kwamba amemaliza.

"Hapo ndipo ilipokufa Jumamosi," alisema Nidia. "Mwenyekiti amechoka kuitwa, na pampu imewaka."

Kisha Wilfrido, akiangalia meza, akauliza kwa sauti ndogo kabisa: "Ungeandikaje?"

Nidia alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Wilfrido, kwa kejeli yake, kwa miwani yake. Hakuwa amejiandaa kwa swali. Akakohoa kidogo.

"Pima apime tu," alisema. "Asimwagize mtu. Asome namba, amrudishie aliyemuuliza, aende zake. Jaza ndiye awashe, kisha kila baada ya dakika moja amuulize Pima: ngapi? Akijibiwa tisini, azime. Mmoja anaita, mwingine anajibu. Siyo wote wawili waite."

Aliiandika palepale, kwa vidole viwili, wajumbe watano wakiwa wamemsimamia mabegani wakipumua kitunguu. Mistari sita. Alikosea alama moja, mashine ikalalamika, akairekebisha. Saa kumi jioni, tangi likiwa nusu, wakaibonyeza. Pampu ikawaka. Wote wakatoka nje wakasimama barazani wakitazama mnara, na hakuna aliyetoa hotuba. Baada ya dakika hamsini pampu ikazima yenyewe. Hakuna hata tone lililoanguka. Mwenye duka alivua kofia.

Kikao hichohicho kiliamua don Lute arudi, na swichi ya mkono irudishwe ukutani, kwa kuwa, kama alivyosema mjumbe mzee, kompyuta ni nzuri lakini haina masikio. Cheo kipya cha don Lute kiliitwa Msimamizi wa Mfumo. Kazi ilikuwa ileile, ila sasa alfajiri aliruhusiwa kuketi.

Kumbukumbu rasmi, alizozitamka mwenyekiti na kuziandika katibu, zinasema kwamba marekebisho madogo ya mwisho yalifanyika kwa mafanikio chini ya uongozi wa mhandisi, na kwamba katibu alisaidia kuchapa. Nidia aliiandika sentensi hiyo bila kubadili nukta. Kisha, chini yake, kwenye nafasi ambayo mwenyekiti huwa hasomi, akabandika zile karatasi mbili na kuandika: viambatisho.

Mwezi wa Agosti, siku ya kawaida, wakati wa usingizi wa mchana na barabara ikiwa tupu, alisikia makofi getini kwake, kama wageni wabishavyo hodi kule. Alikuwa Wilfrido, amebeba mfuko wa machenza na kompyuta kifuani. Alitazama kushoto na kulia kama mtu anayeingiza magendo.

"Mama amekuletea haya," alisema.

"Mshukuru."

Hakuondoka. Alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Kuna shule moja upande wa pili wa mto. Wanataka programu ya kengele za vipindi. Nimeiandika, Ña Nidia, na nimeijaribu." Akasita. "Nimeijaribu saa za kila namna. Lakini kuna mahali funksheni moja inaita nyingine, na sina hakika."

Wa kuomba radhi hakuwa, na Nidia aliona kwamba hatakuwa hivi karibuni. Lakini alikuwa amekuja kwa miguu, kwenye jua, saa ya kulala. Akamfungulia geti. Wakaketi chini ya paa la jikoni, akasukuma sahani pembeni ili kompyuta ipate nafasi, akamenya chenza moja na kumgawia nusu.

"Usinionyeshe kwanza," alisema. "Nisomee kwa sauti, mstari kwa mstari. Na ukifika mahali unapotaka kupita haraka, hapo usimame."

Wilfrido akaanza kusoma.